Kamanda Asiyeshika Mpira: Maswali Yenu Kuhusu Uongozi wa Zimamoto

Tulipoomba maswali kuhusu uongozi, tulitegemea barua za vyeo na nidhamu. Zimekuja barua za maji, mitungi ya hewa na wakubwa wanaofika eneo la tukio na amri mfukoni. Ni sawa, maana huko ndiko uongozi wa zimamoto unakoonekana. Wanaojibu ni wakufunzi na maafisa wa uokoaji. Barua zimefupishwa na majina yameachwa.

Nimepandishwa kutoka koplo kuwa sajini, na zamu niliyokabidhiwa ni ileile niliyokuwa nakula nayo sahani moja. Nikitoa amri wanacheka. Nianzie wapi?
*Sajini, Mwanza*

Usianze na hotuba, anzia kwenye gari. Mnapopokeana zamu, tengeni dakika 20 za ukaguzi na kila mtu awe na sehemu anayoijibia kwa jina lake. Mmoja pampu: aiwashe, azungushe maji ndani ya tangi kwa dakika tano, asikilize na aangalie kama inavuja. Mmoja mitungi ya hewa: asome geji ya kila mtungi, na ulioshuka chini ya bar 270 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa) kwa mtungi wa bar 300 ushushwe ukajazwe. Mmoja mipira ya maji: aangalie raba za ndani ya viungio, kwa sababu raba ikikauka ndiyo inayomwaga maji barabarani wakati nozeli, ile ncha ya mpira, inakohoa. Mmoja redio, betri na tochi.

Kisha uliza mbele ya wote: "Mtungi namba 3 una bar ngapi?" Anayecheka, akikosa jibu wenzake wakimtazama, kesho atakuwa amesoma geji kabla hujafika. Nawe uwe na sehemu yako ya ukaguzi, tena ile chafu.

Kuna mmoja kati yao aliyekitaka cheo hicho akakikosa. Unamjua. Mwite pembeni ndani ya wiki ya kwanza, mwambie unajua, na umpe kazi yenye uzito, kama kuongoza mazoezi ya kila Jumanne. Ukimwacha anune, zamu itakuwa na makamanda wawili. Na acha kukopa hela kwa walio chini yako, hata elfu mbili ya vocha.

Nikifika kwenye moto siwezi kusimama nikitazama vijana wakihangaika. Nashika mpira mwenyewe. Mkuu wangu anasema ni kosa. Kosa liko wapi kama moto unazimika?
*Mkaguzi Msaidizi, Arusha*

Ukishika mpira unaona mita tatu za ukuta. Huoni kwamba moshi wa upande wa nyuma umebadilika kutoka kijivu kuwa mweusi mzito, wala kwamba kuna mtungi wa gesi jikoni, wala kwamba kijana wa nne ameingia bila kusema. Hizo ni hesabu zako, na hakuna mwingine aliyepewa azishike.

Dakika tatu za kwanza zina mpangilio wake. Gari lisiegeshwe chini ya nyaya za umeme wala mahali litakapoziba njia ya boza. Kabla hujashuka, tazama moshi: unatoka wapi, kwa nguvu gani, rangi gani. Ukishuka, toa taarifa moja fupi redioni, kwa mfano: "Nyumba ya bati, vyumba sita, moto chumba cha nyuma kulia, mtoto mmoja anasemekana yumo, tunaingia mlango wa mbele kwa mpira mmoja, naomba boza na umeme ukatwe." Sentensi hiyo inamfaa aliyeko kituoni, inamfaa anayekuja nyuma yako, na inakulazimisha wewe mwenyewe uwe umeamua.

Halafu zunguka jengo. Kariakoo au katikati ya Mji Mkongwe huwezi kuzunguka, basi mtume mtu mwenye redio apite uchochoroni akuambie nyuma kukoje. Majirani usiwaulize "kuna mtu ndani?", kwa sababu watajibu ndiyo wote. Uliza: "Nani analala chumba gani, na umemwona saa ngapi?"

Sasa chagua: mnaingia au mnapigania nje. Msichanganye. Mpira wa nje ukimwagwa dirishani wakati wenzenu wako ndani, mvuke na joto vinawarudia wao. Moshi ukiwa unasukumwa nje kwa shinikizo, au unapumua kwenye nyufa za mlango kama mtu mwenye pumu, au paa limeanza kupinda, hakuna kuingia kwa ajili ya mali. Mpe opereta wa redio kazi ya kukukumbusha kila dakika kumi, na kila akikukumbusha jiulize swali moja: moto umepungua au umekua? Ukisikia "dakika ishirini" na moto uko palepale, mpango wako haufanyi kazi.

Mtu mmoja husimamia vizuri watu watano, akizidisha sana saba. Mkiwa kumi na wawili, gawa na uteue wasaidizi. Mkiwa wanne kwa gari moja, saidia kutandaza mipira, lakini usiingie ndani. Mlangoni pawe na mtu anayejua nani yuko wapi.

Kila moto tunatukanwa kwamba tumekuja bila maji, wakati mwingine tunarushiwa mawe. Tangi letu ni lita 5,000 na huwa limejaa. Mkuu wa kituo afanye nini?
*Mkuu wa kituo, Mbeya*

Mara nyingi maji yalikuwepo, yakaisha. Mwananchi hakuona yalipoisha, aliona tu askari wamesimama na mpira mlaini.

Piga hesabu hii na vijana ubaoni. Nozeli ya mpira wa milimita 45 ikitoa lita 400 kwa dakika, tangi la lita 5,000 linakwisha ndani ya dakika 12 na nusu. Fungua nozeli mbili, dakika sita na robo. Mpira mkubwa wenye nozeli ya lita 900 unalimaliza kwa dakika tano na nusu. Kwa hiyo maji ya pili yanaombwa mnapotoka kituoni, moshi ukionekana tu. Ukisubiri geji ifike nusu, umechelewa.

Na boza lina hesabu yake inayowashangaza wengi. Chukua boza la lita 10,000, mahali pa kujaza panapotoa lita 500 kwa dakika, safari ya dakika nane kwenda na nane kurudi, na dakika tano za kumwaga. Kujaza peke yake ni dakika 20, mzunguko mzima dakika 41. Gawanya: unapata kama lita 244 kwa dakika. Boza moja halilishi hata nozeli moja! Mawili yanalisha moja tu. Kiongozi asiyejua namba hii hufungua mipira mitatu kwa sababu umati unapiga kelele, kisha yote mitatu inakauka pamoja, na vijana wako ndani.

Ndiyo maana weka akiba. Wenzako wakiwa ndani ya jengo, lita 1,000 za mwisho ni za kuwatolea wao. Opereta wa pampu aijue amri hiyo na aite redioni tangi likifika robo tatu, nusu na robo.

Sehemu kubwa ya tatizo lako haiko kwenye moto, iko kwenye visima vya zimamoto mitaani, yaani sehemu za bomba la maji la mji tunapojazia. Vimefunikwa na lami, vimejengewa vibanda, vimeegeshewa magari, au ufunguo haushiki. Panga visima kumi kila Jumamosi: fungua, acha maji yatoke dakika moja hadi kutu iishe, pima, andika kwenye daftari, paka rangi. Kisichotoa maji kiandikiwe mamlaka ya maji kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki kituoni. Ramani ya visima vinavyofanya kazi ikae ndani ya gari, siyo ukutani ofisini ambako haijawahi kuzima kitu.

Kuhusu mawe: mteue askari mmoja, mwenye ulimi mzuri, kazi yake iwe kumtafuta mwenyekiti wa mtaa na kusema naye. "Tuna maji ya dakika kumi, boza liko njiani, tusaidieni kufungua barabara hii." Umati ukipewa kazi hutulia. Na vijana waache kumwagia moshi maji. Inapendeza kwa mtazamaji, lakini moto uko kwenye kitako chake.

Tuko sita, seti za hewa ni nne. Kuna mkubwa mmoja ambaye husema "ingia tu, moshi wenyewe huu mdogo." Nimjibuje bila kuvunja heshima?
*Koplo, Tanga*

Mjibu kwa hesabu: "Afande, seti ninazo nne, wawili wanaingia, wawili wanabaki mlangoni." Heshima iko palepale na amri mbaya imepita pembeni.

Moshi wa leo siyo wa kuni. Godoro la sponji na makochi yakiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi, na vyote viwili humwondolea mtu akili kabla hajajua kwamba anaishiwa hewa. Atavua barakoa mwenyewe akidhani anajisaidia.

Kwa seti nne, wawili wanaingia na wawili wanakaa nje wamevaa mitungi, barakoa zikining'inia shingoni, tayari kuwafuata wenzao. Marekani wameiweka hii kwenye kanuni za usalama kazini: wawili ndani, wawili nje. Inaruhusiwa kuivunja pale tu kuna mtu wa kuokolewa mara moja. Wawili waliobaki bila seti ni wa pampu na wa ubao.

Ubao ni kipande cha plaiwudi chenye safu nne: jina, bar alizoingia nazo, saa aliyoingia, saa anayotakiwa kutoka. Anayeushika haondoki mlangoni hata akiitwa na nani. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa bar 300 una lita 2,040 za hewa. Filimbi ya seti, ya kuonya kwamba hewa inaisha, hulia karibu na bar 55, na hapo zimebaki kama 374 tu. Zinazotumika ni 1,666. Mtu akipumua lita 40 kwa dakika, ana dakika 41. Kazi ngumu, ya kuvuta mpira ngazini, humpeleka lita 60: dakika 27. Akitaharuki anafika 80, na dakika zinabaki 20. Kwa hiyo "mtungi wa dakika 40" ni jina la dukani.

Filimbi ni dharura, siyo kengele ya kurudi nyumbani. Aliyeingia na bar 280 akafika kwenye moto akiwa na 220 ametumia 60 kufika. Atahitaji 60 kurudi na 55 za akiba, jumla 115. Geuka kwenye 130. Namba hiyo iandikwe ubaoni, na mshika ubao aiulize redioni bila kungoja.

Amri ni amri. Kwa nini vijana wa siku hizi wanataka kuelezwa kila kitu?
*Mkuu wa kituo, Mombasa*

Kwa sababu siku amri itakapokuwa ya ajabu, watakaoitii ni wale tu waliozoea kuona kwamba amri zako zina maana.

Tarehe 5 Agosti 1949, kwenye bonde la Mann Gulch, Montana nchini Marekani, msimamizi wa wazima moto, Wagner Dodge, alikuwa na watu 15 wanaokimbizwa na moto wa nyasi unaopanda mlima. Alipoona hawataushinda kwa mbio, aliwasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia kwenye jivu lake na kuwaita wenzake walale humo. Kwao alionekana amerukwa na akili. Walimpita mbio. Yeye alipona, na wengine wawili waliofika kwenye ufa wa miamba. Waliobaki 13 walikufa. Mbinu ilikuwa sahihi, lakini haikuwahi kufundishwa, na kundi halikuwa limezoea kufanya kazi pamoja chini yake. Dakika ya kueleza haikuwepo pale mlimani. Ilipaswa kuwa imetumika kabla, kwenye mazoezi.

Eleza kituoni, amuru kwenye moto. Kila zoezi lisimame mara mbili uulize: "Kwa nini nimesema tutokee hapa?" Na ruhusu neno moja ambalo hata konstebo wa jana anaweza kulisema, mkalikubaliana, mfano "simama". Akilitamka, kila mtu anasimama na kutazama. Akikosea asichekwe.

Upande wa pili wa swali lako ni kiongozi mwenyewe kuogopa kubadili amri. Grenfell Tower, London, 14 Juni 2017: jengo la ghorofa 24, simu ya kwanza saa 6:54 usiku. Wakazi waliambiwa wabaki kwenye nyumba zao, kwa sababu katika majengo ya aina hiyo moto ulitarajiwa kubaki kwenye nyumba moja. Moto ulipanda kwa nje. Amri ya kubaki ndani ilibadilishwa saa 8:47, na uchunguzi ulihitimisha kwamba ingewezekana kubadilishwa kati ya saa 7:30 na saa 7:50. Walikufa watu 72. Lawama kubwa za uchunguzi kwa upande wa zimamoto zilielekezwa kwenye maandalizi na mafunzo, maana makamanda hawakuwa wamefundishwa kutambua moto unaopita nje ya ukuta. Kila amri unayotoa, isindikize na alama yake ya kuisha: "Tunabaki na mpango huu mpaka tuone moto ghorofa ya tatu." Alama ikionekana, hakuna aibu, mlikubaliana.

Kwenye ajali kubwa kila mtu ni bosi: polisi, jeshi, Msalaba Mwekundu, mheshimiwa na walinzi wake. Nani anaongoza?
*Afisa wa zimamoto, Kaunti ya Nakuru*

Kwenye karatasi jibu lipo. Kwenu Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za zimamoto, Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007. Pale barabarani anaongoza aliyejipanga.

California baada ya mioto ya mwaka 1970 waligundua kwamba tatizo kubwa lilikuwa vikosi vingi visivyo na kamanda mmoja, redio zisizosikilizana, na kila kikosi kikiita kifaa kilekile jina lake. Mfumo walioutengeneza ndio huu wa kamanda wa tukio unaofundishwa sasa karibu kila mahali. Kiini chake ni kidogo: kamanda mmoja, kituo kimoja, mpango mmoja.

Ukifika, chagua mahali upande upepo unakotoka, simika bendera au washa taa moja tofauti, na useme redioni kwamba kituo cha kamanda kipo hapo. Kila taasisi ilete mtu mmoja mwenye redio yake. Polisi wape kamba na barabara, Msalaba Mwekundu majeruhi na orodha ya majina, jeshi nguvu kazi. Mheshimiwa mpe afisa mmoja wa kumtembeza na taarifa fupi kila nusu saa. Ukimnyima taarifa ataitafuta kwa vijana wako. Mkubwa wako wa cheo naye hawi kamanda kwa kufika tu, ni mpaka mmekabidhiana uso kwa uso: kinachoungua, watu waliomo, waliko askari, mpango, ulichoomba. Akisema "nimechukua", ndipo umeachia.

Na waliokutangulia usiwafukuze wote. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Walikufa 19. Kijana mmoja kati ya wavuvi hao baadaye alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenye mtumbwi na anayejua kina cha maji ni mtaalamu siku hiyo. Muulize, mpe jaketi, muandike ubaoni.

Lori la mafuta limepinduka, halijawaka, watu wana madumu. Tuna gari moja. Tunaanza na nini?
*Stafu Sajini, Morogoro*

Mji wako unajua. Msamvu, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka liliwaka, wakafa zaidi ya watu 100. Kenya wanaikumbuka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, idadi inayokaribiana na hiyo. Kote kuwili watu walikuwa wanachota mafuta.

Unaanza na watu. Simama mbali, upepo ukutoke mgongoni, zima injini za pikipiki zote unazoweza kuzifikia kwa kipaza sauti. Petroli inayomwagika bila moto: mita 50 kila upande pasiwe na mtu. Tangi likishika moto: mita 800. Hamtawasukuma wananchi kwa mikono. Anzeni na kipaza sauti, mwenyekiti, imamu, mchungaji, yeyote wanayemsikiliza. Kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori kikiandikwa 1203 ni petroli.

Kisha hesabu ya povu kabla hamjafungua nozeli. Dimbwi la mita za mraba 100 linahitaji takriban lita 4.1 za mchanganyiko wa maji na dawa ya povu kwa kila mita ya mraba kwa dakika, yaani lita 410 kwa dakika, kwa dakika 15: lita 6,150. Dawa ya asilimia 3 ni kama lita 185, madumu kumi ya lita 20. Angalia: maji yake hayatoshi kwenye tangi la lita 5,000. Likiwa limeshawaka na hakuna mtu wa kuokolewa, usianze mpaka dawa na maji yote yamefika, kwa sababu povu la nusu dimbwi huliwa na moto na dawa imekwenda. Likiwa halijawaka, funika kinachotoka kwa ulicho nacho na uzibe mitaro.

Nina miaka mitatu kazini. Kila zamu napangiwa redio na chai. Wanasema mpira ni mzito kwa mwanamke.
*Konstebo, Dodoma*

Kwa mkuu wako wa zamu, tafadhali msomee hii. Nozeli ya lita 400 kwa dakika kwa bar 7 inarudisha nyuma kwa nguvu kama ya kilo 24. Ya lita 900, kilo zipatazo 54. Hiyo ya pili hakuna mwanaume wa kuishika peke yake kwa dakika kumi, kwa hiyo hoja ni idadi ya mikono na namna ya kusimama. Wapimwe wote kwa kazi ileile: kuvuta mpira uliojaa maji mita 30, kupanda ngazi na seti, kumburuta mtu bandia wa kilo 70. Anayefaulu aingie kwenye mzunguko wa nozeli, asiyefaulu afanye mazoezi, awe dada au kaka. Na barakoa iwe ya saizi yako. Isiyoshika uso inavuja moshi, na hilo siyo suala la ujasiri.

Tukirudi kituoni kila mtu analala. Tathmini inafanyika lini?
*Mkaguzi, Kigoma*

Kabla ya kulala, dakika 15, mmesimama kando ya gari. Tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini pakawa na tofauti, kesho tubadili nini. Wewe ndiye wa kwanza kutaja kosa lako, la sivyo utasikia "kila kitu kilikwenda vizuri, afande." Kosa la mtu mmoja lililohatarisha maisha lishughulikiwe faraghani, siku hiyohiyo.

Kabla hata ya hapo, sugueni nguo kwa maji na brashi mkiwa bado eneo la tukio, futeni shingo na mikono, makoti yasiingie kebini. Tangu 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la vinavyojulikana kusababisha saratani. Bado wapo wanaotembea na masizi kama nishani.

Mkitoa miili, hasa ya watoto, wabadilishe waliobeba. Simu zikusanywe. Siku ya tatu na ya kumi mtafute kila mmoja kwa jina, usingoje aje, kwa sababu haji.

Dereva wangu anakimbiza gari sana na anasema ving'ora vinampa haki.
*Sajini, Morogoro mjini*

Aliyekaa kiti cha mbele kushoto ndiye anayejibia mwendo, na huyo ni wewe. Maji ya lita 5,000 ni tani tano nyuma ya kebini. King'ora kinaomba njia, hakiondoi bodaboda aliyevaa spika masikioni. Kwenye makutano gari lisimame kabisa, uone macho ya dereva wa kila upande, ndipo mpite. Mikanda ifungwe, na makoti yavaliwe kituoni kabla ya kuondoka. Hatari inayosahaulika ni safari ya kurudi: tangi la nusu linapiga mawimbi, na kwenye kona maji yote hukimbilia upande mmoja wakati dereva amechoka. Kabla ya kuondoka eneo la tukio lijazeni, au mlimwage lote.